Pepa: Blanketi ya kwanza ibaki nyumbani

PEPA (Tanganyika) – Mtu wa Kalemie akisikia kwamba Pepa kuna baridi, hucheka kidogo. Yeye analala kando ya ziwa, kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku kitenge kimoja kinamtosha. Lakini Pepa iko juu, kwenye nyanda za Marungu, ambako vilele vinapita mita 2,400. Mwezi wa sita na wa saba, mbingu ikiwa wazi na upepo ukipita kwenye majani, mtoto aliyelala chini kwenye mkeka hutetemeka mpaka asubuhi. Wafugaji wanajua. Wakulima wa maharagwe wanajua. Anayechelewa kujua ni yule aliyefika jana akikimbia, akiwa bado amevaa nguo za kule chini.

Ndiyo maana ni jambo jema kila mara wamama wanapokaa pamoja na kusema: tushone blanketi za vipande, tuwape waliohama makwao. Vipande vipo. Kila fundi wa kushona ana gunia la vibaki vya vitenge chini ya meza yake. Sindano si ghali. Na kuna vijana wengi, wasichana kwa wavulana, wanaotaka kujifunza kushona lakini hawana kitambaa cha kujifunzia. Mtu anaweza kuona kwamba matatizo mawili yanatatuliwa kwa pigo moja: anayeanza anapata kazi ya kujifunzia, na mkimbizi wa ndani anapata kitu cha kujifunika.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo na kuuliza. Je, ni haki kazi ya kwanza ya mtu asiyejua kushona iende kwa mtu asiyeweza kuikataa?

Jibu la makala haya ni hapana. Blanketi ya kwanza ibaki nyumbani kwa aliyeishona. Ya pili ndiyo itoke.

Mfano wa anayeanza

Mfano uchukuliwe wa mama kijana yeyote. Jina halihitajiki, maana mtu wa namna hiyo yuko katika kila kijiji. Hajawahi kushona zaidi ya kurudishia kifungo cha shati. Anasikia tangazo kanisani au sokoni, anachukua vibaki vyake, anaketi. Anakata kipande cha kwanza. Kipande hicho anakiweka juu ya kitambaa kingine na kukata cha pili. Cha pili anakiweka juu ya kingine, anakata cha tatu. Anaenda hivyo mpaka cha 48. Hajui kwamba kila mara mkasi unaongeza kidogo, upana wa uzi tu, na kwamba kipande cha 48 kimekipita cha kwanza kwa vidole viwili. Akianza kuunganisha, safu hazilingani. Anavuta hapa, anakunja pale. Mahali pengine kitambaa kinashikwa na mshono kwa ukingo mwembamba kama unywele.

Anampelekea mama fundi.

– Mama, nimemaliza. Inatosha?

– Inamtosha nani, mwanangu?

– Ni ya wakimbizi. Ya msaada.

– Ungemfunika nayo mtoto wako?

Mama kijana ananyamaza. Mtoto wake analala kwenye blanketi nzuri aliyoleta baba yake kutoka Moba.

Ukimya huo ndio jambo lenyewe. Hakuna ubaya ndani ya mama huyu. Amekesha, amejichoma vidole, ametoa vitambaa vyake. Lakini neno "msaada" lilimfungulia mlango mdogo ambao neno "nyumbani" lisingemfungulia. Kwa mtoto wake angefumua na kurudia. Kwa mtoto wa mkimbizi aliona inatosha.

Kupinda si kosa, kuachia ni kosa

Ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Blanketi inaweza kupinda: safu moja imepanda, nyingine imeshuka, rangi hazipatani, pembe moja imekuwa ndefu. Hayo yanaonekana na macho, na usiku macho yamefungwa. Aliyepinda mistari asione haya. Blanketi iliyopinda inafunika sawasawa na iliyonyooka.

Lakini blanketi inaweza pia kuwa dhaifu, na udhaifu hauonekani siku ya kutoa. Siku ya kutoa blanketi imekunjwa vizuri, rangi zinang'aa, mtu anapiga picha. Udhaifu unatokea wiki ya tatu, mtoto anapogeuka usingizini na mshono ukaachia. Unatokea siku ya kufua, kitambaa chekundu kinapomwaga rangi na kupaka kila kitu. Unatokea pale kilichowekwa katikati kinapoteleza na kukusanyika upande mmoja kama uji kwenye sahani, na upande mwingine unabaki kitambaa kitupu. Wakati huo mtoaji hayupo. Anayejua ni mama aliyepewa, naye hatasema.

Kwa nini hatasema? Kwa sababu mtu aliyekimbia hana mahali pa kurudisha. Akipewa unga wenye wadudu anasema asante. Akipewa kiatu cha mguu mmoja anasema asante. Asante ya mtu asiye na la kuchagua haipimi kazi. Inapima njaa yake na adabu yake tu. Anayetaka kujua kama blanketi yake ni nzuri asitafute jibu kwenye asante hiyo. Atafute kwenye kitanda chake mwenyewe.

Watu wa Pepa hawahitaji kuelezwa maneno haya na mgeni. Mwaka 2000 vita vilipita hapa, na mwezi wa 12 mwaka huo Pweto nayo ikaanguka, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Zambia. Familia nyingi za teritwari ya Moba ziliishi miaka katika kambi za Kala na Mwange. Waliporudi kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba, kuanzia 2007 hadi 2010, walirudi wakijua vizuri sana ladha ya kitu kilichotolewa kwa haraka na mtu ambaye hatakitumia. Kisha yakaja ya Baluba na Batwa. Mwaka 2017 watu zaidi ya nusu milioni walihesabiwa kuwa wamehama makwao katika jimbo la Tanganyika, na pembeni ya Kalemie watu walilala kwenye vibanda vya majani, Katanika na kwingineko. Anayetoa leo huenda alipewa jana. Na kwa jinsi mambo yanavyokwenda mashariki mwa Kongo, anayetoa leo anaweza kupewa kesho.

"Lakini baridi haingoji"

Kuna wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Wanasema: mtoto anatetemeka usiku huu. Unamwambia mama kijana ashone ya kwanza abaki nayo, halafu ashone ya pili? Blanketi mbovu si afadhali kuliko hakuna?

Ni kweli, usiku wa leo chochote ni afadhali. Mwenye blanketi ndani ya sanduku na atoe leo, bila kushona chochote. Hiyo ndiyo kazi ya usiku wa leo. Kushona blanketi ya vipande ni kazi ya wiki, na kazi ya wiki haina sababu ya kufanywa kama ya usiku mmoja.

Tena kuna njia inayofanya blanketi ya kwanza isimnyime mtu. Anayeanza akishona ya kwanza na kuifunika familia yake, blanketi kuukuu iliyokuwa inatumika nyumbani inapata nafasi. Hiyo kuukuu asiigawe hivyo ilivyo. Aifue kwa maji ya moto, aianike juani, ashone palipotoboka, na aiweke katikati ya blanketi ya pili, kati ya kitambaa cha juu na cha chini. Ukuukuu si tatizo mradi sufi yake haijaoza. Joto la blanketi liko kwenye hewa inayokaa ndani yake, na blanketi ya zamani bado inashika hewa hiyo. Kwa hiyo ya kwanza ndiyo inayozaa ya pili. Mkimbizi anapata kitu kilichoshonwa na mtu ambaye sasa anajua, na familia ya mshonaji haikupoteza.

Na kuna faida nyingine ambayo hakuna mwalimu anaweza kuitoa. Aliyelala wiki mbili chini ya kazi yake anajua upepo unaingilia wapi. Anajua kama ni fupi, kama miguu ya mtu mzima inatoka nje. Anajua kama fundo lilimkwaruza mtoto shavuni. Akiifua, anaona inachukua siku ngapi kukauka. Akianza ya pili, mikono yake inajua sababu ya kila mshono.

Kazi yenyewe

Blanketi imara haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji vipimo na uvumilivu. Kipimo kinachofaa ni sentimita 150 kwa 200. Ndicho kipimo cha blanketi zinazogawiwa na HCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na kinamfunika mtu mzima au watoto wawili.

Kwanza, kipande kimoja cha katoni ngumu kikatwe mraba wa sentimita 28 kila upande. Hicho ndicho kipimo cha vipande vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Kitambaa kisipimwe kwa kitambaa kingine kamwe, maana ndilo kosa lililomkuta mama kijana. Ukingo wa sentimita moja na nusu unaachwa kila upande kwa mshono, hivyo kipande kikishashonwa kinabaki sentimita 25. Vipande 6 kwa upana vinafanya 150, na vipande 8 kwa urefu vinafanya 200. Jumla 48.

Pili, vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Kinachotoa rangi kifuliwe tena mpaka maji yawe safi, na kikikataa kiachwe. Kitenge kichanganywe na kitenge au shuka ya pamba. Fulana inayovutika isishonwe pamoja na kitenge kisichovutika, kwa sababu moja itavuta na nyingine itachanika. Kila kitambaa kishikwe kwa mikono miwili na kuvutwa kwa nguvu. Kikitoa sauti ya kuchanika, hakifai, hata kama maua yake ni mazuri.

Tatu, kuna vitambaa visivyofaa hata vikiwa imara. Nguo yenye rangi ya kijeshi isiwekwe. Mtoto aliyekimbia watu wenye silaha hapaswi kuamka na kuiona kifuani, na mama hapaswi kuulizwa njiani ameitoa wapi. Fulana za kampeni za uchaguzi nazo ziachwe. Aliyekimbia asibebeshwe chama cha mtu.

Nne, mashini ni nzuri ikiwepo, lakini mkono unatosha. Mshono wa mkono uwe wa kurudi nyuma: sindano inaenda mbele hatua mbili, inarudi moja, mishono mitatu hivi kwa kila sentimita, na uzi ufungwe mwanzo na mwisho. Mshono wa kwenda mbele tu ni wa haraka, ila uzi ukikatika mahali pamoja, mstari wote unafuata.

Tano, tabaka tatu zishikwe kwa mafundo. Sindano kubwa yenye uzi mzito wa pamba inashuka mpaka chini, inapanda tena, na uzi unafungwa mara mbili: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukifunga upande uleule mara mbili, fundo linateleza. Fundo moja katikati ya kila kipande ni mafundo 48. Fundo moja kila mahali pembe nne zinapokutana ni mengine 35. Jumla 83. Anayeanza huchoka kwenye la thelathini na kuanza kuruka. Kila fundo alilolikwepa ni mahali ambapo blanketi ya ndani itateleza.

Mwisho, ukingo ukunjwe mara mbili na kushonwa pande zote nne. Blanketi huanzia kuharibika ukingoni.

Mtu anayefanya kazi za nyumbani na shamba atachukua wiki mbili au tatu kwa ya kwanza. Ya pili itakuwa nyepesi kwa mkono.

Wengine walifanyaje

Jambo hili si geni duniani. Marekani kuna shirika la kanisa la Kilutheri linaloitwa Lutheran World Relief, lililoanza 1945. Mpaka leo wanawake katika makanisa yake hukaa na kushona blanketi za vipande za kutuma nchi nyingine. Kipimo chao ni inchi 60 kwa 80, na ukibadilisha unapata karibu sentimita 152 kwa 203: kipimo kilekile. Nao wanafunga tabaka kwa mafundo. Wanatoa maagizo ya vipimo na vitambaa, na mtu hawezi kuleta chochote akasema ni msaada. Mwenye nia njema anapewa pia kipimo.

Mfano wa pili ni wa watu waliokuwa maskini wenyewe. Katika jimbo la Alabama kuna mahali panapoitwa Gee's Bend, ndani ya kona ya mto, ambapo wakaaji wengi ni wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya pamba. Wanawake wa hapo walishona blanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zao ziliingiza baridi. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Alichukua nguo zake za shambani, akazikata, akazishona blanketi ya kujifunika ili amkumbuke. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kushona na kuuza, Freedom Quilting Bee. Na mwaka 2002 blanketi za Gee's Bend zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston.

Mistari yake mingi imepinda, hakuna mtu anayeficha. Lakini zilidumu miaka, zikafuliwa na kulaliwa na watoto. Zilidumu kwa sababu hazikushonwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Kila mama alijua ni mtoto gani atalala chini yake.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi kwa damu. Nchini India, katika jimbo la Karnataka, kuna watu wanaoitwa Siddi, ambao mababu zao walivushwa kutoka Afrika kupitia Bahari ya Hindi. Wanawake wao hushona blanketi za vipande kwa nguo kuukuu, kwa mkono, bila mashini. Wanaziita kawandi. Wanaanza ukingoni na kuzunguka wakienda katikati. Wakimaliza, wanaweka kwenye pembe vipande vidogo vilivyokunjwa, vinavyoitwa maua kwa lugha yao. Blanketi isiyo na maua hayo, kwao, iko uchi. Maua hayaongezi joto. Yanaonyesha tu kwamba aliyeshona hakukimbilia kumaliza, alikuwa anafikiria mtu.

Mgeni siku mbili

Inabaki hoja moja, na pengine ndiyo kubwa. Katika mpango wote huu, aliyehama makwao yuko wapi? Mara nyingi anakaa kwenye foleni, anangoja jina lake lisomwe. Wengine wanashona, yeye anapokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumaanisha afukuzwe. Walijua kwamba mtu anayelishwa bila kazi anaanza kuona haya, na haya ikizidi inakuwa chuki. Wengi wa waliohama makwao katika Kongo hawako kambini, wanakaa ndani ya familia zilizowapokea. Wanakula sufuria moja, wanachota maji mahali pamoja. Kwa nini wasishike sindano moja? Kati yao wamo mafundi walioacha mashini zao nyuma mlango ukiwa wazi. Inawezekana kabisa kwamba yule anayepangiwa kupokea blanketi ya mama kijana asiyejua kushona ni mama fundi wa miaka ishirini. Hakuna aliyemuuliza. Waliuliza jina, kijiji, na idadi ya watoto.

Pepa wanajua likelemba: kila mtu anatoa kidogo, na kila zamu mmoja anapata. Iwe likelemba ya vipande. Wanawake kumi, watano wenyeji na watano waliohama, Mtabwa na Mluba na Mtwa wakikaa kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja analeta vipande vilivyokatwa kwa katoni ileile. Wanashona pamoja siku moja au mbili kwa wiki. Blanketi ya kwanza inaenda nyumba ya mmoja, ya pili kwa mwingine, mpaka zamu iishe. Hapo hakuna mtoaji wala mpokeaji, na hakuna atakayeachia mshono mbovu upite, kwa sababu zamu yake inakuja. Kikundi kikishajua kazi, kikamaliza mzunguko wake, ndipo kishone za akiba kwa familia itakayofika usiku bila kitu. Kuna mambo ambayo mikutano mingi ya amani imetafuta bila kuyapata, na yanaweza kuanza pale mtu anapomwomba jirani ambaye jana alimwogopa: nishikie uzi huu.

Kwa nini msingoje magari

Wengine watasema kazi hii ni ya mashirika. Blanketi ya kiwandani ni nyepesi, inakauka upesi, na gari moja linabeba mamia. Yote hayo ni kweli. Blanketi ya vipande ikilowa ni nzito, na wakati wa mvua inaweza kuchukua siku mbili juu ya kamba. Kwa hiyo mashirika yaendelee kuombwa, na viongozi waendelee kuulizwa kuhusu usalama, maana mtu aliyerudi salama shambani kwake ananunua blanketi mwenyewe.

Lakini gari linakuja baada ya kuhesabu. Linakuja barabara ikiwa nzuri, na kila anayeijua njia ya Pepa wakati wa mvua anajua maana yake. Familia iliyofika saa tatu usiku haiko kwenye orodha yoyote. Iko mlangoni pa jirani. Usiku huo, kilichopo ndicho kilichokunjwa ndani ya nyumba ya huyo jirani. Na iwe kitu cha kweli.

Kwa hiyo anayeanza asiogope, wala asiambiwe aache. Achukue katoni, apime 28, akate. Apinde mistari kadiri mikono yake itakavyompeleka. Akimaliza, ailaze kwenye kitanda cha mtoto wake na kulala nayo siku kumi na nne za mwezi wa saba. Aifue. Avute kila mshono. Palipoachia afumue, arudie.

Kisha akate vipande vingine 48. Siku mama fundi atakapomuuliza tena kama angemfunika nayo mtoto wake, hatanyamaza. Atajibu kwamba mtoto wake ameshalala chini ya nyingine kama hiyo.